Waya Niliokataa Kuuachia

Sanduku lile silipendi mpaka leo. Lakini nitalieleza vizuri, maana sitaki mtu aseme eti yule mama alikuwa mshamba tu, hakujua alichokishika. Nilijua sana. Nililijua sanduku lile kama ninavyojua chungu changu.

Lilikuwa la mbao, lenye mfuniko wa bawaba na mkanda wa ngozi wa kubebea. Ukilifungua unakutana na bamba jeusi linalong'aa, na juu ya bamba vifundo vya kuzungusha, kimoja kikubwa kuliko vingine, kimezungukwa na tarakimu nyeupe. Ndani mlikuwa na mawe ya umeme, kama yale ya tochi, na kidude kidogo kinacholia ngiii, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Mlio huo ulikuja kwa waya mpaka kwenye vikombe viwili vya kuvaa masikioni. Bwana yangu alikuwa anavivaa, anazungusha kile kifundo kikubwa polepole, na mlio unapungua, unapungua, mpaka unanyamaza kabisa. Ukinyamaza ndipo anasoma tarakimu na kumwambia muzungu wake.

Wazungu walikiita kitu wanachopima impedansi. Mimi nilipouliza ni nini, bwana yangu alinieleza hivi: "Kila kitu kinaukataa umeme usipite. Waya unakataa kidogo. Udongo mukavu unakataa sana. Sisi tunapima ukaidi." Nikamwambia basi aanze na mimi, aone kama tarakimu zitatosha. Alicheka mpaka akakohoa.

Alikuwa mtu wa upande wa Kasongo, amesoma kwa mapadri, na muzungu wa simu alimchukua awe msaidizi wake. Walikuja kwetu Kabambare kujenga posta ya simu ya hewani, ile isiyotaka nguzo njiani. Hapo ndipo aliponiona, akanioa, akakaa kwetu, karibu na njia ya kwenda Wamaza. Mume mwema alikuwa, sikatai. Lakini lile sanduku! Likirudi nyumbani jioni analipangusa vumbi kwa shati lake la Jumapili, shati ambalo nimelifua mimi kwa mikono yangu mtoni. Nilimwambia usoni kwamba siku moja atalikuta limechemshwa pamoja na majani ya muhogo, sombe yetu.

Siku moja alinivalisha vile vikombe nisikie. Alizungusha, mlio ukanyamaza, nami nikanyoosha mkono nikagusa waya uliokuwa unaingia sandukuni, kwa sababu niko na mikono isiyotulia. Aka! Mlio ukarudi kwa nguvu. "Toa mukono," akasema. "Mwili wa mutu unavuruga kipimo. Ukishika waya na miguu iko peku chini, umeme unapata njia nyingine, unapita kwako." Nikauliza kama utaniua. Akasema hapana, wa sanduku hili ni mdogo, hata hutausikia. Nikautoa mkono wangu na kwenda kupika.

Sasa niseme habari ya watoto.

Nilizaa mapasa, mvulana na msichana, wakati bwana yangu ameitwa Kasongo kufundishwa zaidi mambo ya sanduku lake. Mvulana alikuja kwanza. Msichana alilishika ziwa siku ile ile, akanyonya kwa fujo. Mvulana hakulishika, na kitovu chake kilikuwa bado hakijakauka alipokuwa amerudi. Kwetu Wabangubangu tunasema hivyo, amerudi. Kuna neno lingine ambalo watu wote wanalitumia kwa watu wengine, lakini kwa mapasa halitumiwi, na mama yao ndiye hasa asiyelitumia. Akilisema, au akilia kwa sauti, yule aliyebaki anasikia, na akisikia anamfuata mwenzake. Wanawake ndio wanaompeleka, asubuhi jua likiwa limeshatoka, mpaka mahali penye maji na ubaridi, maana mapasa ni watoto wa ubaridi. Hapawekwi tuta wala msalaba. Majani yanaota juu, basi. Wanaume hawaendi, na hawaambiwi ni wapi. Mimi mwenyewe nilikwenda nikiwa sijapata nguvu, mama yangu amenishika kiunoni, na nilirudi nikiwa na mtoto mmoja.

Katekista alisema haya ni mambo ya ushenzi. Alinisimamisha mbele ya kanisa akanisema. Sawa, na aseme. Yeye hakuwa na mtoto mgongoni ambaye pumzi yake anaisikia shingoni mwake akiwa anapalilia pamba ya wazungu. Mimi nilikuwa naye, na sikuwa tayari kumjaribu kwa ajili ya kumfurahisha mtu yeyote.

Bwana yangu aliporudi kutoka Kasongo, alimkuta mmoja. Watu walikuwa wamekwisha kuniita Mama Mapasa, na yeye wakamwita Baba Mapasa papo hapo barabarani, kabla hajafika mlangoni. Aliingia, akamchukua msichana, akamtazama muda mrefu, akamrudisha mikononi mwangu. Hakuuliza neno. Najua, desturi inamkataza kuuliza, na aliyemfundisha adabu hiyo ni mama yangu mwenyewe. Lakini nilimkasirikia. Alikuwa anaweza kunieleza ukaidi wa udongo kutoka asubuhi mpaka jua linazama, na juu ya mwanawe wa kwanza hakuwa na hata guno. Nilidhani amemsahau, na chuki ile nilikaa nayo tumboni.

Kiangazi kikaingia. Posta ilikuwa karibu kuisha, ilibaki udongo tu. Maana simu ile ya hewani, pamoja na waya wake juu, ilitaka bamba kubwa la shaba lifukiwe chini, katika udongo usiokataa umeme. Pale penye posta palikuwa pakavu, mawe matupu. Muzungu akamwambia bwana yangu atafute mahali pazuri zaidi karibu karibu. Akazunguka na sanduku begani, chuma chake cha kupigilia mkononi, shamba hadi shamba, watu wakamcheka, wakamwuliza anatafuta panya gani. Kila jioni anarudi amenuna.

Halafu akarudi anaimba.

"Nimepata, Mama Mapasa! Kule bondeni, nyuma ya michikichi, kwenye majani marefu, karibu na mti ulioanguka. Nimepigilia chuma, sijazungusha sana, mlio umenyamaza mara moja! Muzungu amenipiga bega. Kesho atakuja kupima yeye mwenyewe, na wafungwa watachimba shimo."

Nilikuwa natwanga sombe. Nilishusha mchi nikausimamisha ukutani.

"Shimo la namna gani?"

"Refu. Mutu akisimama ndani haonekani. Tutatia makaa na chumvi, halafu shaba."

Mahali ni pale pale. Mti ulioanguka, majani marefu, nyuma ya michikichi. Alikuwa amekwenda na miguu yake, amepigilia chuma chake pale, amefurahi, akapigwa bega. Na nani wa kumlaumu? Sisi wanawake ndio tuliomficha mahali pale, kama inavyotakiwa. Kosa lile lingeweza kumpata mume yeyote wa kwetu, maana hawaambiwi.

"Pale ni pa wanawake," nikasema. Hilo niliruhusiwa kulisema.

"Mutaoga kwingine. Mto ni murefu."

"Baba Mapasa, pale sipataki."

"Unapataka au hupataki, sanduku limepataka," akasema, na akaenda kulipangusa.

Wallahi, kidogo nichukue mchi tena. Mdomo ulinijaa maneno mpaka ukaniuma, na mtoto alikuwa mgongoni mwangu ananyonya ncha ya kikwembe nilichombebea. Nikatoka, nikaenda kwa mama yangu.

Mama alisikiliza huku anamenya muhogo. Hakuacha kumenya. "Utamwambia?" akauliza. Nikasema sitamwambia. "Utamwambia muzungu?" Nikasema wala muzungu. "Basi vizuri," akasema. "Mudomo hatuna. Miguu tuko nayo. Kesho tutakwenda na miguu." Halafu akaniambia nikawaite shangazi zangu na wale majirani waliokuwa nasi siku ile, na niende kwa upole, nisikimbie njiani kama mutu aliyeunguliwa na nyumba.

Kulipopambazuka tulishuka bondeni. Muzungu alikuwa ameshafika, kofia kichwani, suruali fupi, vipele vya kuumwa na mbu vimemjaa miguuni. Waya mrefu wa shaba ulikuwa umetundikwa juu kati ya michikichi miwili, ncha yake imeteremka mpaka kwenye sanduku. Waya mwingine ulitoka sandukuni mpaka kwenye kile chuma kilichopigiliwa. Wafungwa kutoka gereza la Kabambare walikaa pembeni na majembe, askari mmoja akiwachunga, na kapita, msimamizi wa kazi, amesimama katikati ya watu wote kama bwana harusi. Bwana yangu alikuwa amepiga magoti, vikombe masikioni, macho kwenye kile kifundo, hata hakutuona.

Mimi sikusalimia mtu. Nilikwenda moja kwa moja, nikaushika ule waya unaoteremka, kwa mikono miwili, miguu yangu peku ndani ya matope.

Bwana yangu aliruka. Akazungusha kifundo huku, akazungusha kule, akagonga sanduku. Kisha akainua macho.

"Mama Mapasa! Acha waya!"

"Siachi."

"Unanifanya nini mbele ya watu? Unavuruga kipimo!"

"Najua ninachovuruga."

Nyuma yangu nilisikia mama na wale wengine wanaingia kwenye yale majani marefu. Kapita alikuja akanishika mkono kunivuta. Nikamwambia akinigusa tena nitamwuma, na hakuna mtu atakayeoa kwake binti mwenye baba asiye na vidole. Akaniachia. Muzungu alisema maneno mengi kwa Kifaransa, uso umemwiva. Kisha akatulia kidogo, akamwambia kapita jambo, na kapita akanigeukia na sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu anayekufungulia mlango.

"Mama, sikiliza. Bwana anauliza, iko kaburi hapa? Kama iko kaburi, sheria inakataza kuchimba. Atapima kwingine, hatakuwa na hasira. Sema tu. Neno moja tu."

Watu wote wakanitazama. Na mimi sitadanganya, nilishawishika. Neno moja, na mwanangu angeachwa na amani yake, na mume wangu angebaki na kazi yake, na mimi ningerudi kupika. Lilikuwa limefika kwenye meno. Wakati ule ule msichana wangu mgongoni alipiga chafya na kuniegemeza shavu lake, na lilikuwa na joto. Nililimeza lile neno. Nilimchukia muzungu yule kwa wema wake kuliko nilivyomchukia kwa hasira yake, kwa sababu alikuwa ananiomba mtoto mmoja ili anirudishie mwingine.

"Mimi sina la kusema," nikajibu.

"Basi toka."

"Sitoki. Mwambie apime mimi niko hapa. Mwambie apime mpaka kiangazi kiishe."

Kapita akamgeukia mama yangu. "Mama mukubwa, sema wewe." Mama akatazama majani. Kapita akawageukia shangazi zangu, mmoja mmoja. Hakuna aliyefungua mdomo. Muzungu akatupa mikono, akasema kitu kwa askari, na askari akaanza kuwainua wafungwa.

Hapo ndipo bwana yangu alipotuangalia kwa mara ya kwanza. Namaanisha alituangalia vizuri, kama alivyozoea kuangalia tarakimu zake. Aliiona miguu yetu. Wanawake walikuwa wamesimama kukizunguka kile chuma, bega kwa bega, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, lakini katikati, pale chuma kilipokuwa kimepigiliwa, hakuna hata mmoja aliyekanyaga. Majani ya katikati yalikuwa yamesimama wima. Alitazama majani yale. Akamtazama msichana mgongoni mwangu. Kisha akanitazama usoni, na mimi nikateremsha macho yangu mpaka penye chuma, nikayaacha hapo.

Alivua vile vikombe akaviweka juu ya sanduku, pole pole. Alikuja mpaka kwenye duara, akasimama nje yake, akamwangalia mama yangu akingoja ruhusa. Mama akasogea kidogo. Mume wangu akanyoosha mikono bila kuweka mguu ndani, akakishika chuma, akakivuta taratibu mno, akikizungusha kama mtu anayetoa mwiba kwenye nyayo za mtoto. Kilipotoka, alikitupa mbali. Halafu akaja kando yangu, akaushika waya juu ya mikono yangu. Mikono yake ilikuwa baridi.

Muzungu alimwamuru kwa Kiswahili, neno moja moja, arudi kwenye kazi.

"Hapana, bwana," alisema mume wangu.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hapana kwa mtu mwenye kofia. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi hiyo nyumbani.

Askari akawaamuru wafungwa wachimbe. Lakini wafungwa walikuwa watu wa kwetu, na wao pia walikuwa na macho. Waliona duara, wakaweka majembe chini, wakageuka wakatupa mgongo, kwa kuwa si vizuri mwanamume kutazama mahali kama pale. Walipigwa. Walilala chini wakapigwa na hawakugeuka. Nawashukuru mpaka leo, ingawa mmoja wao alikuwa amefungwa kwa kuiba mbuzi wa shangazi yangu.

Mume wangu walimfunga kamba wakampeleka Kabambare penyewe, kwa ukaidi, walisema. Ehe! Wamekipata kipimo chao. Alipigwa fimbo, akawekwa gerezani, na mimi nilimpelekea ugali wa muhogo na sombe, msichana mgongoni, na nilipita mbele ya ofisi ya muzungu kichwa juu nikiwa nimefunga kikwembe changu kizuri kabisa. Tulishinda bondeni kwa zamu, wanawake peke yetu, tukisuka mikeka, mpaka muzungu alipochoka kutungoja. Shaba yake aliifukia kule juu penye mawe. Kila kiangazi posta ile ilipoteza sauti, na walitulazimisha kubeba maji kwenda kuinywesha ile shaba ili isikie. Mimi sikubeba hata kibuyu kimoja. Waliniandikia faini, nikawaambia waandike na nyingine.

Alitoka gerezani mvua zilipoanza. Alikuwa amekonda, mgongo wake siuelezi. Alioga, akala, akamchukua msichana akampakata, na tulikuwa tumekaa hivyo nje ya nyumba kapita alipokuja, amevaa viatu, anatabasamu.

"Baba Mapasa, nimeleta habari njema. Bwana amesamehe. Kazi yako inakungoja, na sanduku lako pia. Anataka kitu kidogo tu. Bibi yako aje posta, aseme mbele ya watu kwamba alikuwa anasumbua bure, kwamba pale bondeni hapana kitu."

Nilisimama. Nilikuwa nimeshachagua tusi, tena kubwa, lenye mama yake kapita na bibi yake ndani. Mume wangu akainua mkono kidogo, nikanyamaza. Alimnyanyua msichana kutoka mapajani, akanipa, akangoja mpaka nimemfunga mgongoni vizuri. Kisha akamgeukia kapita.

"Mwambie bwana mimi niko na watoto wawili," alisema. "Mumoja huyu hapa, mgongoni mwa mama yake. Mwingine iko kule bondeni. Sasa bibi yangu aseme namna gani kwamba hapana kitu?"